Kuhusu ile sauti ya Alhamisi usiku

Dodoma, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Hujambo? Za fildi, na za nyumbani? Mimi mzima, mitihani tu imetukaba. Nimekaa kimya tangu Ramadhani, unisamehe. Leo usingizi umegoma, nikasema bora nikuandikie.

Ni grupu la darasa. Alhamisi saa tano usiku Bibie alirekodi sauti kumwomba mwalimu siku mbili zaidi za kumalizia kazi yake, mama yake kalazwa. Akakosea, akaituma grupuni. Analia mle ndani. Na aliomba kwa adabu kuliko sisi wote: alianza na shikamoo, akataja jina na namba ya usajili. Wengine wetu tunamwandikia mwalimu usiku wa manane, "Mambo, matokeo lini?"

Alipogundua aliifuta kwa wote. Lakini kufuta huko kunaondoa ile ya grupuni tu, nakala ambayo mtu keshaifowadi haiguswi. Asubuhi ikawa imefika hadi grupu la hosteli, na stika mbili zimetengenezwa kwa picha yake.

Sisi ni zaidi ya mia mle. Hakuna aliyesema jamani, inatosha. Mimi nami nilisoma, nikalaza simu kifudifudi.

Nilimpigia admini Ijumaa. Yeye hutukaripia tukituma matangazo ya mikopo, na tangu 2022 WhatsApp inamruhusu kufuta ujumbe wa yeyote grupuni. Angeweza kuziondoa zile stika usiku ule ule. Ananiambia huo ni utani wa darasa. Utani gani, shoga? Mtani hukutania usoni, na ukifiwa ndiye anayefika kwako mapema kuteka maji. Hawa wamemcheka mtu ambaye mama yake yuko wodini, na hakuna hata mmoja aliyeuliza wodi gani.

Kaka yako alinikumbusha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, kinachokataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Sitaki tufike huko. Nataka stika zifutwe kwenye kila simu, na aliyezitengeneza aombe radhi mle mle alikomwaibisha mwenzake, siyo inboksi. Sauti ile bado naisikia, hasa pale anaposema "samahani kwa usumbufu, mwalimu."

Wewe wanakusikiliza, tangu lile suala la michango. Unaweza kuandika grupuni kesho? Au nianze mimi, wewe uniunge mkono? Tumwambie Bibie kwanza, au tutamtonesha? Simu zako anapokea? Zangu hapokei tangu Ijumaa. Na mama yake ameruhusiwa, au bado yuko pale pale? Nataka nimpelekee uji Jumanne baada ya pepa.

Ukichoka kuandika nitumie sauti, ila nijibu usiku huu huu.

Ni mimi, shoga yako