Tunachinja Mbegu Bora, Tunabakisha Dhaifu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie uchaguzi wa mbegu za mifugo na mazao hapa Pemba, jambo ambalo kwa maoni yangu tunalifanya kinyumenyume bila ya kukusudia.

Kila inapokaribia Sikukuu ya Mfunguo Tatu, yaani Idi ya kuchinja, wachuuzi hupita vijijini wakitafuta mabeberu wakubwa, wazima na wasio na ila, na sisi wafugaji huwauza hao hao kwa kuwa ndio wenye bei. Anayebaki bandani ni yule aliyedumaa, ambaye mnunuzi hakumtazama mara mbili, naye ndiye anayewapanda majike mwaka mzima. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo kwa miaka mingi, kisha nikalaumu malisho kila nilipoona mbuzi wangu wanazidi kuwa wadogo. Malisho yana sehemu yake, lakini umbo na wepesi wa kukua hurithiwa, na kwa vile beberu mmoja huzaa na majike wengi, kosa la kumchagua yeye huenea kundi zima.

Shambani hali ni hiyo hiyo. Muhogo uliostawi huchimbwa mapema ukaliwa au ukauzwa, na masika yakiingia tunakata mbegu kwenye mashina yaliyosazwa, ambayo mara nyingi yalisazwa kwa unyonge wake. Kwa kuwa muhogo hupandwa kwa kipande cha mti, virusi vya maradhi ya batobato na ya michirizi ya kahawia husafiri humo hadi shamba jipya. Batobato huonekana kwenye jani. Michirizi ndiyo yenye hadaa, kwani mti waweza kupendeza juu na chini muhogo ukawa umeoza kwa mabaka makavu ya kahawia. Kwa hiyo mbegu ichaguliwe siku ya kuchimba, baada ya kuupasua muhogo wa shina hilo na kuuona mweupe. Hata aina zilizotolewa na watafiti wetu mwaka 2007, kama vile Kizimbani na Machui, zinastahamili maradhi tu, hazina kinga kamili, na zinahitaji uangalifu huo huo.

Kwa mbuzi, shauri langu ni kila kijiji kiteue mabeberu wachache, na madume wengine wahasiwe kabla ya miezi minne, umri ambao huanza kuweza kuzalisha. Anayehasiwa hunenepa, nyama yake haina harufu kali, na wanazuoni wengi wanakubali kuwa anafaa kuchinjwa kwa udhuhiya (masheikh watanisahihisha nikikosea), hivyo soko la sikukuu halipotei. Ili beberu asije akawapanda mabinti zake, vijiji vibadilishane mabeberu kila baada ya mwaka mmoja hivi. Robert Bakewell, mfugaji wa Uingereza katika karne ya 18, alikodisha kondoo madume wake kwa msimu, akapata kuwaona watoto wao katika makundi ya watu na kujua dume yupi anastahili kuendelea kuzalisha. Sisi hatuhitaji kukodishana, kuazimana kunatosha.

Ombi langu kwa wahusika wa mifugo ni koleo moja la kuhasia kwa kila shehia, pamoja na mtu aliyefunzwa kulitumia, kwani wengi wetu bado tunahasi kwa kisu na vidonda huingia funza.

Mkulima na mfugaji,
Micheweni, Pemba