Dada, siku ile sikuwa naigiza

Dada yangu,

Nimesikia na wewe sa hivi usiku unakohoa mpaka unakaa kitako kitandani, na asubuhi ukianza kufagia tu kifua kinabana. Kaniambia mwanao, tafadhali usimgombeze, mtoto kaogopa. Nilivyosikia nikanyamaza kwenye simu maana nilikuonea huruma kweli kabisa, na papo hapo hasira zangu zote zikarudi. Naandika hapa mbele ya watu kwa sababu meseji zangu unazisoma halafu hujibu.

Ile siku ya kutoa vitu vya mama chumbani unaikumbuka, usiniambie huikumbuki. Chumba kilikuwa kimefungwa tangu alipolazwa, madirisha yamefungwa, yale mapazia mazito yako pale pale. Ukashika godoro upande huu mimi upande ule tukalisimamisha, ukaanza kulipiga na mpini wa ufagio, na jua lilikuwa linapita mlangoni basi nikaliona vumbi limejaa hewani chumba kizima. Pua ikaanza kuwasha, nikapiga chafya mfululizo, halafu pumu yangu ikanishika, kifua kikakaza, pumzi inaingia ila kutoka haitaki, na ile filimbi ikaanza kulia ndani. Nikaachia godoro nikatoka nje nikashika ukuta. Ukanifuata mpaka mlangoni na foronya ya mama mkononi ukasema watu wote wanasikia, "Hata leo? Hata vitu vya mama unavitafutia sababu?" Sikukujibu. Mtu anayetafuta pumzi hawezi kumaliza sentensi, dada, lakini wewe ukaona ni kiburi.

Halafu jioni nilivyopata nafuu nikasema ni vumbi la godoro, ndiyo ukalia ukasema nimemtukana mama kwamba alikuwa mchafu. Hilo ndilo limenikaa moyoni kuliko yote. Mama mchafu! Mama aliyekuwa anapangusa mpaka nyuma ya kabati! Sikiliza basi, maana siku ile hukutaka kusikiliza. Kwenye vumbi la nyumbani mna utitiri, vidudu vya kama robo milimita, kwa macho huvioni na wala haviumi, vinakula magamba ya ngozi yanayotudondoka sisi wenyewe tukiwa tumelala, na maji havinywi, vinafyonza unyevunyevu wa hewani. Godoro safi la mtu msafi vimo. Kinacholeta shida hasa ni kinyesi chao, kina protini ambazo mwili wa mtu mwenye aleji hauzitaki kabisa, na kwa vile ni kizito kinatulia humo kwenye godoro na mito mpaka mtu aje alipige, hapo kinaruka na inachukua kama nusu saa kutua. Watafiti wa Uholanzi walishaonyesha uhusiano wa vidudu hivi na aleji ya vumbi tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo sikumsema mama, nilisema godoro.

Na lile neno lako la "pumu ni ya watoto, mbona utotoni tulilala kitanda kimoja ukawa mzima", ni kweli nilikuwa mzima. Pumu inaanza hata ukubwani, mtu ana miaka 40 au zaidi hajawahi kubanwa hata siku moja, na hiyo inayoanza ukubwani inatupata zaidi sisi wanawake. Mwili unaweza kukaa na kitu miaka na miaka, siku moja ukakikataa. Njia za hewa zinavimba kwa ndani, misuli yake inabana, makohozi yanajaa, ndiyo maana inalia filimbi mtu akitoa pumzi. Wewe sasa unaisikia mwenyewe kifuani kwako, sihitaji kukueleza sana.

Nenda ukapimwe. Usiseme ni mafua, na usijipe jibu la pumu kwa sababu mimi ninayo, kukosa pumzi kunaweza kuwa moyo, kunaweza kuwa TB, waache madaktari waangalie. Waombe kile kipimo cha kupuliza kwenye mashine, unapuliza, unavuta dawa, unapuliza tena waone njia zimefunguka kiasi gani. Wakikuandikia inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, usiniletee yale ya "utazoea", haimfanyi mtu awe teja. Ila usiishie kwenye ile ya kufungua kifua peke yake, salbutamoli, hiyo inakupa nafuu ya muda na uvimbe unabaki. Mwongozo wa kimataifa wa kutibu pumu, ule wa GINA, tangu 2019 unasema mtu mzima asitibiwe kwa hiyo peke yake, lazima kuwe na steroidi ya kuvuta ya kutuliza uvimbe, na ukishaivuta sukutua mdomo uteme maji. Na siku ukiona huwezi kumaliza sentensi, au dawa umevuta na haisaidii, usisubiri kuche, upelekwe hospitali hapo hapo.

Nyumbani acha kufagia kwa ufagio mkavu, pangusa na kitambaa kibichi. Shuka na foronya zifue kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60, hayo ndiyo yanaviua. Ile mifuko ya kufunika godoro hata mimi ninayo, lakini peke yake usiitegemee sana. Kupiga godoro waachie wengine na wewe usiwepo.

Unajua hayo ya shuka nilianza kuyafanya lini? Mama alipokuwa anaumwa. Nani alikuwa anamgeuza usiku, nani alikuwa anachemsha maji na kufua shuka zake, huku kifua kimenibana, wewe unapiga simu kuuliza ameamkaje? Nilikuwa navuta dawa koridoni ili asinisikie akapata wasiwasi. Halafu mtu huyo huyo akaitwa mvivu mbele ya ndugu kwa sababu ya godoro moja! Nyie mnaosoma mtanisamehe, hili limenikaa muda mrefu.

Sikutakii ugonjwa, dada. Ningekuwa karibu ningekusindikiza mwenyewe hospitali, kwenye foleni ningekaa na wewe. Ukitoka huko nipigie, hata usiku nitapokea. Na wakikuambia ni pumu ya vumbi, mpigie na shangazi, yule uliyemwambia siku ile kwamba naigiza, umwambie wewe mwenyewe.