Kabla hujapeleka sanduku lako kupimwa

Kihesa, Iringa

Kamwene Ambakisye,

Barua na picha vimefika. Sanduku la komiki za zamani (majarida ya hadithi za picha) ulilolipata si haba, lakini bei ulizoandika kwa penseli zimenishtua, na ninaomba Mungu uwe umeziandika kwenye daftari, si juu ya majalada. Naona umezitoa kwenye matangazo ya wauzaji. Hizo ni bei za kuomba. Mtu anaweza kuomba dola 5,000 miaka mitatu na asitokee wa kumpa hata 2,000. Tafuta mauzo yaliyokwisha kufanyika: toleo lilelile, daraja lilelile, yaani namba ya hali yake, ndani ya miezi mitatu hadi mwaka mmoja. Ondoa bei iliyopaa kuliko zote na iliyoanguka kuliko zote, kisha angalia zilizobaki. Mauzo ya 2021 usiyatumie kabisa. Mwaka ule soko liliwaka moto, na tangu hapo bei nyingi zimeshuka sana.

Halafu tazama kona ya jalada. Komiki ya Marekani ya 1962 hadi karibu na 1969 kwa kawaida iliandikwa senti 12. Baadhi ya zako zimechapwa 9d, yaani peni tisa. Hizo si za kughushi. Marvel, wachapishaji wake, walizichapa Marekani kwenye mitambo ileile, kwa ajili ya soko la Uingereza. Kwa kawaida huuzwa chini ya ndugu zake wa senti, kwa hiyo usilinganishe moja na nyingine. Yenye senti iliyochapwa na 9d ya muhuri wa wino juu yake ni jambo jingine: hiyo ni nakala ya senti iliyogongwa muhuri ilipofika kwa msambazaji.

Kuhusu upimaji wa hali ya komiki: kampuni inayotawala ni CGC ya Sarasota, Florida, iliyoanza mwaka 2000. Ipo pia CBCS. Daraja huanzia 0.5 hadi 10, kisha komiki hufungiwa kwenye kasha la plastiki lenye lebo. Watu hukimbilia namba wakasahau rangi. Buluu ni ya kawaida. Njano ina sahihi iliyowekwa mbele ya shahidi. Kijani ina kasoro kubwa inayotajwa kando. Zambarau imefanyiwa ukarabati, na hapo bei huporomoka, hata kama namba ni nzuri. Ndiyo maana nakusihi: usigundishe kitu, usiweke selotepu, usipake kalamu mahali palipochubuka. Lebo hutaja pia rangi ya kurasa, na kurasa nyeupe hulipwa zaidi ya zilizogeuka rangi ya maziwa mgando.

Osha mikono, ukaushe, keti mezani penye mwanga wa dirisha. Fungua komiki nusu tu, usiibane ikalala chali. Hesabu kurasa: nyingi za miaka ile zina 32 bila jalada. Hakikisha karatasi ya katikati imeshikwa na pini zote mbili. Pini zikiwa na kutu ziache, maana ukizing'oa unapanua tundu na kupoteza zile za asili. Tazama mgongo: vistari vidogo vinavyokata rangi ndivyo vinavyoshusha daraja. Mkunjo usiokata rangi unaweza kunyooshwa na fundi kwa joto na mgandamizo kabla ya kupimwa, na hilo halihesabiwi kuwa ukarabati. Mpasuko wa karatasi au doa la maji halinyooshwi.

Mwisho tafuta palipokatwa kwa mkasi. Watoto wa Marekani walikata kuponi na stempu zilizochapwa ndani. Komiki ya Incredible Hulk namba 181 ya 1974, ambamo Wolverine, shujaa wa Marvel, anatokea kikamilifu kwa mara ya kwanza, mara nyingi hukosa stempu yake. Jalada linaweza kung'aa na bado thamani ikawa imeshaondoka na mkasi.

Sasa hesabu. Tuseme komiki ikiwa wazi inauzwa dola 90, na ikiwa kwenye kasha dola 130. Tofauti ni 40. Ada ya kupimwa, posta kwenda na kurudi, na bima kutoka Tukuyu hadi Florida vitaimeza yote na kukudai zaidi. Nyingine wazi ni 300 kwa sababu mnunuzi haamini hali yake, na ndani ya kasha ni 650. Hiyo ndiyo ya kupeleka, tena pamoja na mwenzake wa aina hiyo ili wagawane nauli. Kwa picha ulizotuma, sioni zaidi ya mbili zinazostahili safari. Zilizobaki ni za kusoma, na hakuna aibu.

Ukitaka kununua iliyokwisha fungwa, ingiza namba ya lebo kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha, doa kwa doa na mkunjo kwa mkunjo. Mwishoni mwa 2023 ulibainika mchezo wa kutoa komiki nzuri na kuweka mbovu chini ya lebo ileile. Duara za rangi ya upinde wa mvua juu ya plastiki zisikutishe, ni plastiki mbili zimegusana.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huko kwenu. Tukuyu ukungu wa nje huzaa ukungu wa ndani. Karatasi inataka unyevu wa asilimia 40 hadi 50 na joto la digrii 20 hivi. Joto mnalo, unyevu ndio kesi. Sanduku lisikae juu ya sakafu ya saruji wala karibu na jiko la kuni. Tumia mifuko ya Mylar (plastiki angavu ya kuhifadhia karatasi) na ubao mwembamba usio na asidi nyuma ya kila nakala, uzisimamishe wima, uweke vifuko vya silika na kuvikausha kila vinapojaa. Yenye ukungu itenge leo hii na uikaushe kivulini penye upepo. Jua litakula rangi. Kasha la kampuni nalo halizuii unyevu, usidanganyike.

Nitumie picha za zile mbili: mbele, nyuma, pini na karatasi ya katikati, mchana bila taa ya kamera. Ile Fantastic Four namba 52 ya Julai 1966, anapotokea shujaa Black Panther kwa mara ya kwanza, piga pia mgongo wake kwa karibu. Wasalimie nyumbani.

Mhehe wako wa Kihesa