Mstahiki Meya, taka tumetenga, gari la kuzibeba liko wapi?

Mstahiki Meya,

Natanguliza salamu za heshima kwako na kwa waheshimiwa madiwani wote wa baraza lako. Mimi ni mama lishe kando ya soko la mtaa wetu, hapa hapa Dar es Salaam, na ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa. Barua zangu za mwanzo nilizipitisha panapostahili, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kisha kwa mtendaji wa kata, zikapokelewa na kugongwa muhuri. Nakala ninazo, majibu sina. Ndiyo maana leo nakuandikia hadharani, na nakuomba usiione barua hii kuwa ni utovu wa adabu.

Kilichonifikisha hapa ni mambo ya Jumatano iliyopita. Mvua ilinyesha usiku kucha. Lundo la taka lililokaa kwenye kona ya soko tangu kabla ya sikukuu likalainika, likaserereka na maji mpaka mtaroni, mtaro ukaziba, maji yakarudi kwenye mabanda yetu. Asubuhi nilikuta maganda ya ndizi, pampasi na matumbo ya samaki yamenasa kwenye miguu ya meza ninayokatia mboga. Tukaazima makoleo kwa mafundi ujenzi wa jirani, tukaanza kuzoa. Tukiwa katikati ya kazi hiyo, tope limefika vifundoni, wakatokea askari mgambo na afisa afya. Hakuna aliyeuliza gari la taka lilipita lini mara ya mwisho. Walitoa kimashine chao wakaniandikia faini ya shilingi 50,000 kwa kosa la kukutwa na uchafu mbele ya eneo langu la biashara. Muuza samaki wa banda la pili naye akaandikiwa. Kijana wa juisi ya miwa alipothubutu kuuliza, akaambiwa akiendelea na maneno atafungiwa.

Faini nimelipa. Nimeilipa kwa hela ya mchele na mafuta, kwa hiyo siku ya pili sikupika, na wateja wangu wa asubuhi, madereva wa bodaboda na makuli wa sokoni, wakala kwingine. Wengine hawajarudi. Risiti ya faini nimeiweka pamoja na risiti za ada ya taka, ambayo nyumbani nalipa na bandani nalipa, na sijawahi kuruka mwezi.

Mheshimiwa, naomba nikukumbushe siku ulipokuja kuzindua mpango wa mazingira wa manispaa. Ulikuja kwetu, kwenye uwanja wa shule iliyo jirani na soko. Ulipanda mti kwa mikono yako, watoto wakaimba, ukasema manispaa yetu itakuwa ya mfano kwa kutenga taka majumbani na sokoni. Taka za kuoza peke yake, plastiki, chupa na makopo peke yake. Ukasema gari litapita kila Jumanne na Ijumaa, mvua inyeshe jua liwake. Ukasema taka za kuoza zitapelekwa kutengenezwa mboji, na plastiki zitachukuliwa na vikundi vya vijana wapate kipato. Tulipiga makofi kwa sababu tulikuamini. Mimi nilikuamini zaidi ya wengi, maana nilikuwa nimetoka kwenye semina yenu.

Kwenye semina ile tulifundishwa vizuri. Tulielezwa kwamba zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni mabaki ya chakula, maganda na majani, na kwamba vitu hivyo vikifukiwa dampo pamoja na plastiki vinaoza bila hewa na kutoa gesi ya methani inayoongeza joto duniani. Tulielezwa kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kwamba sheria hiyo hiyo imezibebesha halmashauri jukumu la taka ngumu. Nilikuwa sijui. Nilitoka pale nikiwa na ari kubwa, nikaanza kupita nyumba hadi nyumba.

Kazi ile haikuwa nyepesi. Watu walinifungia mageti, wengine waliniuliza nalipwa shilingi ngapi. Nikawashawishi kina mama wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tununue ndoo zenye mifuniko, za kijani kwa taka za kuoza na za bluu kwa plastiki, kwa fedha zetu. Ajuza mmoja wa nyuma ya msikiti, mama yetu wa mtaa mzima, haoni vizuri, lakini alikuwa anapapasa kila kitu kwa vidole kabla ya kukitupa: hili ganda, hili kopo. Alikuwa anaosha hata pakiti za maziwa na kuzianika kwenye kamba ya nguo ili zisinuke. Mtaa ulibadilika, Mstahiki Meya. Nzi walipungua. Mtaro ulikuwa unapitisha maji.

Wiki za mwanzo gari lilikuja. Kisha Ijumaa moja vijana wa gari wakaipokea ndoo ya kijani, wakaimwaga. Wakaipokea ya bluu, wakaimwaga juu yake. Mbele ya macho yetu, ndani ya tipa moja. Nikamwuliza msimamizi wao, akaniambia, "Mama, sisi tuna gari moja, na kule tunakokwenda hakuna anayetenga." Ajuza wetu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Kuanzia wiki ile gari likawa la kubahatisha, mara lije Jumapili, mara lisije kabisa, na sasa mwezi wa pili unakatika hatujaliona.

Leo watu wakinipita wananiita "bibi taka", na hawaniiti kwa mapenzi. Wananiambia niliwatoza hela za ndoo ili manispaa ipige picha. Mheshimiwa, hilo linaniuma kuliko faini. Nilitumia jina langu kulitetea neno lako, na jina la mtu mtaani likishachafuka halisafishwi kwa semina nyingine.

Kwa nini gari haliji? Nimeulizia. Wapo wanaosema mkandarasi anaidai manispaa na amegoma kimyakimya. Wapo wanaosema magari yanapelekwa kwenye barabara wanazopita wageni. Mimi nadhani umbali nao unachangia, kwa sababu dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, foleni ni ndefu, dizeli ni ghali, na mkandarasi akipiga hesabu zake anaona heri safari moja kuliko tatu. Inawezekana sababu ni mojawapo ya hizi, inawezekana ni zote. Ila mwenye mkataba na mkandarasi ni manispaa, na mlipa ada ni mimi. Faini ya kutokuja kwake kwa nini inaangukia kwangu?

Na usiniambie haiwezekani, kwa sababu nimeona inawezekana. Kamati yetu ilipelekwa Bonyokwa, ambako shirika la Nipe Fagio na wakazi wanakusanya taka mlango kwa mlango, wanazichambua hapo hapo kwenye kata na kugeuza mabaki ya chakula kuwa mboji, kinachobaki kwenda dampo ni kidogo. Mabwepande kuna kiwanda cha mboji cha taka za sokoni kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani. Moshi inasifiwa kwa usafi miaka nenda rudi, nayo ni Tanzania hii hii. Na sote tunakumbuka tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Watu walisema wabongo hatuwezi. Tuliweza. Mimi mwenyewe nilirudi kwenye kikapu cha ukili kama cha mama yangu. Kilichokuja kuharibu ni vile vifungashio laini vilivyoachwa vikageuzwa kuwa mifuko, kwa sababu ufuatiliaji ulilegea. Wananchi wakielekezwa wanatii.

Nishati safi nayo tumetii. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, nasi mama lishe tukahimizwa kuacha mkaa. Nimeacha. Napikia gesi, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi najua mwenyewe ninavyohangaika. Lakini moshi niliouondoa jikoni kwangu unarudi kwa njia ya dirisha, maana gari lisipopita watu wanachoma taka usiku. Plastiki, pampasi, nyaya, vyote vinachomwa. Mjukuu wangu ana pumu. Usiku wa juzi alikaa kitandani amejishika magoti, anavuta hewa kwa sauti, na mimi nafunga madirisha kwa kanga zilizoloweshwa maji. Asubuhi nikaenda duka la dawa kununua dawa yake ya kuvuta kwa mkopo. Nitaueleza vipi mpango wa mazingira kwa mtoto yule?

Jiji hili lina historia, Mstahiki Meya, na wazee wetu wa Tabata wanaijua. Mwaka 1988 wakazi wa kule waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwapelekea moshi, harufu na nzi majumbani. Wakashinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akaona ajabu kwamba mamlaka ya umma inakwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akaliunganisha jambo hilo na haki ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Dampo likahamia Kunduchi Mtongani, kisha Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu. Sasa kwetu sisi dampo limehamia kwenye kona ya soko, na hakuna aliyeliombea hata kibali.

Tena sisi tuko bondeni. Mtaro wetu unaingia kwenye kijito, kijito kinaingia Mto Msimbazi, na Msimbazi unakwenda kumwaga baharini pale Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 niliyaona kwa macho yangu, na majirani zangu waliohamishiwa Mabwepande mpaka leo wako huko. Kipindupindu cha 2015 kililipiga jiji hili hili, na mwaka ule Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru tarehe 9 Desemba, nchi nzima ikashika mafagio. Sasa hivi fedha nyingi za mkopo zinatumika kulikarabati Bonde la Msimbazi, kuupanua mto na kujenga daraja la Jangwani. Nashukuru sana. Lakini huko chini wakitoa tope, sisi huku juu tunateremsha chupa na pampasi kila mvua inaponyesha. Chupa hizo zilikuwa kwenye ndoo ya bluu, Mheshimiwa. Zilikuwa zimeoshwa.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mambo mengi ya kukuomba. Nilitaka nikuombe kituo cha kuchambulia taka, nikuombe sehemu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri iende kwa vijana wanaookota chupa, nikuombe faini zetu zirudishwe, nikuulize habari za ule mti ulioupanda, ambao umekauka kwa kukosa wa kuumwagilia kwa sababu bomba la shule halitoi maji. Yote hayo bado nayataka. Lakini naona nikiyaomba yote nitajibiwa kwamba yapo kwenye mchakato, yanasubiri bajeti ya mwaka mpya wa fedha, na tutakutana tena kwenye uzinduzi mwingine.

Kwa hiyo naomba gari. Gari la taka lipite Jumanne na Ijumaa kama ulivyosema, na ndoo ya kijani isimwagwe pamoja na ya bluu. Gari likipita, nitarudi kwenye nyumba zile zile nilizofungiwa geti, nitapiga hodi tena, nitawaomba watenge tena, na ndoo zilizopasuka tutanunua nyingine kwa fedha zetu kama mwanzo. Kuchambua tutachambua sisi. Mtaro tutauzibua sisi. Gari hatuna uwezo wa kulinunua, nalo tumekwishalilipia ada.

Na mpaka litakapopita, waagize askari wako wasije na kile kimashine.

Keshokutwa ni Jumanne. Ndoo zangu zitakuwa nje kuanzia alfajiri.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama lishe wa kona ya soko, mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa

Nakala: Mkurugenzi wa Manispaa, Mheshimiwa Diwani wetu, na Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.