Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti: Soko Moja Limekuwa Mawili

Wanachama wapendwa wa chama chetu cha wakulima wa maua Nakuru, wazee wetu, akina mama na vijana,

Nawasalimu nyote mliofika kutoka Subukia, Bahati, Njoro na Molo, pamoja na wale watakaoisomea taarifa hii nyumbani.

Mambo ya kawaida sitayarefusha. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe. Kumbukumbu za mikutano anazo katibu. Mvua ya masika ya 2024 ililaza mimea yetu, ikakata barabara wiki za mavuno, na wengi wenu mlimwaga mazao yaliyokuwa tayari kupakiwa. Lakini hasara yetu ilikuwa ya mali. Wenzetu wa Mai Mahiu, ndani ya kaunti hii hii, walipoteza watu wao usiku wa kuamkia Aprili 29, na naomba tusimame kidogo kuwakumbuka kabla ya kuendelea.

Sasa nije kwenye swali lililotawala mikutano yetu mwaka mzima. Mama mmoja kutoka Subukia aliinua karatasi yake ya malipo akauliza: makato haya ya Uingereza yanatoka wapi, na kwa nini kura iliyopigwa London miaka mingi iliyopita ipunguze pesa yangu? Wakati ule nilimjibu kwa kifupi. Swali lake linastahili jibu kamili, na kamati imekubali nilitolee nafasi kubwa katika taarifa hii.

Uingereza iliingia katika jumuiya ya Ulaya Januari 1, 1973. Mwaka 1975 wananchi wake waliulizwa kama wabaki, na thuluthi mbili wakasema ndiyo. Juni 23, 2016 wakaulizwa tena. Mara hii asilimia 51.9 walitaka kutoka na asilimia 48.1 walitaka kubaki. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zilipiga kura nyingi za kubaki, England na Wales zikapiga za kutoka, na nchi ikagawanyika hivyo. Serikali yao ilihangaika zaidi ya miaka mitatu kabla ya kutoka rasmi Januari 31, 2020. Hata hapo kanuni za zamani za biashara ziliendelea hadi Desemba 31 mwaka huo. Mlango halisi ulifungwa usiku huo wa kuamkia 2021.

Kwetu, pigo la kwanza halikungoja mlango ufungwe. Siku moja tu baada ya kura, pauni ilianguka dhidi ya dola hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka thelathini. Mnunuzi wetu analipwa kwa pauni, ilhali ndege ya mizigo, dawa na mbolea vyote bei yake hufuata dola. Maua ni yale yale, boksi ni lile lile, lakini shilingi zinazorudi shambani zikapungua. Hakuna mkulima wa Nakuru aliyepiga kura ile.

Pigo la pili lilikuwa hatari iliyotukaribia sana, na wengi hatukuiona. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kenya ndiyo nchi pekee ambayo haimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Kwa sababu hiyo Uganda, Tanzania au Rwanda zinaweza kupeleka bidhaa Ulaya na Uingereza bila ushuru hata pasipo mkataba. Sisi hatuwezi. Pasipo mkataba, ushuru unatupata siku hiyo hiyo. Tuliuonja mwaka 2014, mazungumzo na Ulaya yalipochelewa na maua ya Kenya yakatozwa ushuru kuanzia Oktoba hadi karibu na mwisho wa Desemba. Uingereza ilipotoka, ilitoka pia katika mpango uliokuwa unatukinga, kwa hiyo ilibidi Kenya ijadiliane nayo upya. Mkataba ulitiwa saini London Desemba 8, 2020, wiki tatu na ushei kabla ya mlango kufungwa. Bunge letu liliuidhinisha Machi 2021.

Kwa hilo naishukuru serikali ya wakati huo bila kusita. Maua na mboga zinazopanda ndege Nairobi na kushuka Uingereza moja kwa moja haziguswi na ushuru.

Ila sehemu kubwa ya maua ya Kenya haikuwa ikipita njia hiyo. Yalikuwa yanakwenda Uholanzi kwanza, kwenye mnada wa Aalsmeer. Hapo yananunuliwa, yanachanganywa na maua ya nchi nyingine, yanafungwa upya kuwa mashada, kisha yanapakiwa kwenye malori na kuvushwa hadi maduka ya Uingereza. Zamani safari hiyo yote ilikuwa ndani ya soko moja. Kati ya Aalsmeer na London hapakuwa na forodha. Kuanzia 2021 pana forodha. Na ua lililokwisha kuuzwa mnadani halihesabiwi tena kuwa limetoka Kenya moja kwa moja, wala si zao la Ulaya. Mkataba wetu haulikingi, mkataba wa Ulaya na Uingereza nao haulikingi. Likifika bandarini lilikuwa linatozwa asilimia 8. Mama yangu wa Subukia, sehemu ya jibu lako ndiyo hiyo: mnunuzi anayetozwa kule hapunguzi faida yake. Anapunguza bei anayokulipa wewe.

Ndugu wawili wakigawana shamba la baba yao, jirani aliyekuwa akikatiza njia moja kwenda kisimani huanza kuomba ruhusa kwenye malango mawili. Jirani ni sisi.

Aprili 11, 2024 Uingereza ilisimamisha ushuru huo wa maua hadi Juni 30, 2026. Kwa hiyo mwaka 2024 mliona afueni kidogo, na msimu ulio mbele huenda ukawa mzuri. Lakini naomba tusidanganyike. Hii ni ruhusa ya muda iliyotolewa na upande mmoja, na anayeitoa anaweza kuiacha iishe. Mwanachama anayefikiria kukopa ili ajenge grinihausi ya pili kwa kutegemea bei za leo za Uingereza, aangalie kwanza tarehe ya mwisho ya kulipa mkopo wake.

Na huku ushuru ukisimama, gharama nyingine ilianza. Uingereza ilikuwa imeahirisha mara kadhaa ukaguzi wa mazao yanayotoka Ulaya. Mwaka 2024 haikuahirisha tena. Vyeti vya afya ya mimea vilianza kudaiwa Januari 31, na Aprili 30 ukaanza ukaguzi wa mizigo yenyewe pamoja na ada, ambayo kwenye vivuko vya Kent, kusini-mashariki mwa England, iliweza kufika pauni 145 kwa shehena moja. Kampuni kubwa inayopeleka lori zima haiisikii. Mchuuzi mdogo wa Uholanzi anayepeleka maboksi machache ya wakulima kama sisi anaisikia sana, na baadhi yao wameacha tu kuuza Uingereza. Wale ndio waliokuwa wakinunua maua yetu ya msimu, ambayo mashamba makubwa ya Naivasha hayajishughulishi nayo.

Kwa upande wa Ulaya, Kenya ilitia saini mkataba wake jijini Nairobi Desemba 18, 2023 na ukaanza kazi Julai 1, 2024. Ni habari njema, na tumeisubiri tangu tabu ya 2014. Lakini maana yake ni kwamba sasa tunahudumia sheria za pande mbili ambazo zamani zilikuwa moja. Kuanzia Aprili 26 mwaka huu wa 2025, kila mwenye waridi linalokwenda Ulaya atatakiwa kuonyesha hatua alizochukua dhidi ya nondo yule ambaye kiwavi wake huingia ndani ya tumba: mitego shambani, ukaguzi, usafi wa banda la kufungashia, kumbukumbu za kila wiki. Uingereza haifungwi na kanuni hiyo. Ina wakaguzi wake na masharti yake. Maofisa wa KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, wametufundisha kwa subira kubwa, nawashukuru. Hata hivyo kazi ya kuandika iko kwetu, na mkulima mwenye robo ekari anaandika karibu sawa na mwenye ekari mia.

Nataka sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wanakamati walinishauri niliache. Naamini wanachama mnapaswa kulisikia.

Sisi tuliokoka kwa sababu Kenya ilitia saini peke yake. Mkataba na Ulaya ulikuwa umejadiliwa kwa jina la Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki. Julai 2016, wiki chache tu baada ya kura ya Uingereza, Tanzania ilisema haitatia saini, na mojawapo ya sababu ilizotaja ni msukosuko wa kura hiyo. Kenya na Rwanda zikatia saini Septemba. Wengine hawakutia, mkataba ukalala. Basi ulipofika wakati wa kujiokoa, tulitoka mbele peke yetu, London na baadaye na Ulaya. Siilaumu Kenya. Jirani asiyetozwa ushuru hana haraka, na sisi tulikuwa na haraka. Lakini majirani nao wana hoja. Kenya imekubali kuifungulia Ulaya na Uingereza soko lake taratibu kwa muda wa miaka 25, wakati forodha ya nje ya jumuiya yetu inapaswa kuwa moja. Bidhaa ikiingia Mombasa kwa ushuru mdogo, nani ataizuia Malaba au Busia?

Na tukumbuke Machi 2021. Mwezi ule ule Bunge lilipoidhinisha mkataba wa Uingereza, nchi yetu ilizuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu. Sumu ni jambo zito, sibishi. Ila malori yalisimama mpakani, na majirani waliona jinsi tunavyohangaikia soko la mbali kuliko la karibu. Nusu ya wanachama wetu wanauza pia viazi na kabichi katika soko la Wakulima hapa mjini, bega kwa bega na vitunguu vya Tanzania. Wanajua soko hilo linavyobadilika mpaka ukifungwa hata kwa siku chache.

Wazee wa reli walio kati yetu hawahitaji kuelezwa. Nakuru ni mji wa reli, na reli ile ilikuwa ya nchi tatu. Jumuiya ya kwanza ilianzishwa 1967 na ikavunjika 1977. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983. Shirika la reli, la ndege, la bandari na la posta yaligawanywa, na makubaliano ya kugawana mali na madeni hayakutiwa saini hadi 1984, baada ya mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, kuzunguka miaka kadhaa. Tuliporudi mezani na kusaini mkataba mpya ilikuwa Novemba 30, 1999. Zaidi ya miaka ishirini ilipotea. Uingereza nayo, ofisi yao huru inayokadiria bajeti ya serikali inasema kutoka Ulaya kutaupunguzia uchumi wao tija kwa takriban asilimia 4 hatimaye. Na mwezi Januari 2025 Mali, Burkina Faso na Niger zimekamilisha kujitoa katika jumuiya ya Afrika Magharibi. Nasikia vijana wetu wakisema Kenya nayo ingekuwa heri ijitoe, iache kubebana na majirani. Nawaomba waketi na wazee wa reli kabla ya kulirudia neno hilo.

Maoni yangu ni kwamba mkataba wa Uingereza umewaachia wazi majirani wetu nafasi ya kujiunga, na Kenya inapaswa kuwashawishi kwa bidii ile ile iliyotumia kuupata. Kamati imeandaa barua kwa mbunge wetu na kwa wizara ya biashara, inayoomba mambo mawili: mazungumzo juu ya ushuru wa maua yanayopitia Uholanzi yaanze sasa badala ya kungoja Juni 2026, na majirani washirikishwe. Rasimu iko mezani. Isomeni, irekebisheni.

Kwa upande wetu, kamati inapendekeza tumwajiri karani mmoja wa vyeti na kumbukumbu, atakayehudumia wanachama wote. Gharama italipwa kwa makato madogo kwa kila boksi, na najua makato ni neno chungu mwaka huu. Lakini mwaka uliopita tulirudishiwa mzigo kwa makosa ya karatasi, maua yakiwa mazima kabisa. Pia tunapendekeza asiwepo mwanachama anayeweka shamba lote kwenye oda za Uingereza peke yake. Hili tulibishana sana kamatini. Wapo wanaosema Siku ya Mama ya Uingereza, ambayo huangukia karibu na Machi wakati wa Ulaya ni Mei, ndiyo inayowalipia karo. Sitawalazimisha. Naomba tu robo ya shamba iende kwingine, hata kama ni mboga za Nakuru na Eldoret.

Kuna pia kampuni moja iliyochukua mazao yetu mwezi Septemba na haijamaliza kulipa. Wakili wetu anaendelea nayo, na sitaitaja hapa kwa ushauri wake.

Mapendekezo ya karani na ya robo ya shamba yatapigiwa kura baada ya taarifa ya mweka hazina. Barua itapitishwa kwa kuinua mikono. Wenye waridi, daftari zenu za mitego na dawa zimfikie katibu kabla ya Aprili 26, maana asiye na daftari hatapakiwa mzigo wa Ulaya wiki hiyo.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti