Risala ya vijana wa kambi ya sanaa kwa mgeni rasmi: paa kwanza, kabla masika hayajaingia

Mheshimiwa mgeni rasmi, mama yetu,
Wazee wetu wa mtaa, walimu, wazazi, fundi wetu mzee na wageni wote mliofika,

Asalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo ya kufunga kambi salama, na wewe mama tunakushukuru khasa kwa kukubali kuja huku uchochoroni Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, maana gari imebidi uiache kule barabarani ukaja kwa miguu na watoto wakakupokea kwa ngoma ya beni mpaka mlangoni, na tumeona umesimama ukawapigia makofi, wamefurahi sana wale, wataizungumza mwezi mzima.

Tunaomba radhi jambo moja mwanzo kabisa. Tumekukalisha hapa kwenye ua wa ndani, kwenye viti vya kuazima, na mahala pako kwakweli ni kule juu ukumbini ambako miaka yote ndo tunafungia kambi. Juu tumepafunga. Ukiinua macho hapo kulia utaliona turubai la buluu limefungwa kwa kamba, lile ndo paa letu tokea mwezi wa Aprili, na ile kamba nyekundu iliyokatisha ngazi tumeiweka wenyewe ili mtoto asipande.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kambi yetu hukaa mara mbili kwa mwaka, likizo ya skuli ya Juni na hii ya Disemba. Safari hii tumekuwa na watoto na vijana 46, wengine wa hapa hapa mjini, wengine wanatoka shamba wanakuja na daladala asubuhi na kurudi jioni. Wanajifunza ngoma, kidumbak ile ya ngoma ndogo na fidla, taarab, maigizo, kuchora na kuchonga. Mimi ninayesoma risala hii niliingia kambini nikiwa darasa la tano, sijui hata udi, hii ala ya nyuzi, unashikwa vipi, na leo ndo mimi ninayewafundisha wadogo zangu fidla. Siti binti Saad nae alitoka shamba, Fumba, akija mjini kuuza vyungu, akaja kufundishwa na wanamuziki wa humu humu Mji Mkongwe na mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi, kwahiyo sie tukimwona mtoto wa shamba anashuka kwenye daladala na daftari lake mkononi tunajua tunangoja nini kwake.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe.

Nyumba hii ni ya kale, ya mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haipatikani ndefu sana, ukipata mita tatu iliyonyooka umepata, ndo maana vyumba vyote vya juu ni virefu lakini vyembamba, na walimu wetu wanasema umbo hilo na kuta nene namna hii vinaipa sauti joto lake, udi ukipigwa upande huu unausikia mpaka kule mwisho bila spika. Na huu ua tuliokaa, watazamaji husimama juu kwenye baraza zote nne na watoto wakacheza hapa chini, wasanii wengi wakubwa waliotutembelea wametwambia jukwaa kama hili hawalipati popote.

Tatizo limeanzia kitu kidogo sana. Mfereji wa bati wa upande wa kulia ulitoboka. Maji badala ya kwenda mbali yakawa yanateremka na ukuta, yanaingia pale pale ncha za boriti zilipolala juu ya jiwe, na boriti huanza kuoza kichwani, katikati ukiitazama inaonekana nzima kabisa. Mwezi wa Aprili fundi wetu alipanda na ngazi akatuita vijana wawili tukaone, akatwambia bonyezeni hapo kwa kidole. Mama, kidole kiliingia! Kiliingia kama kwenye boflo lililolowa chai. Tukahesabu siku ile ile, boriti 11 za ukumbi wa juu ziko hivo, na tano zimeshaliwa na mchwa juu yake.

Na hapa pana jambo lazima tulikiri, maana tunaomba fedha na mwenye kuomba fedha aseme kweli yote. Miaka ya nyuma ukuta huo huo ulipoanza kutoa unyevu alitokea mfadhili mmoja mwenye nia njema, tukapiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta juu, ukang'ara, tukapiga na picha. Haikufika misimu miwili. Ukuta wa matumbawe unavuta maji na unayatoa, chokaa inauacha upumue, saruji inauziba, sasa maji yaliyomo ndani yakakosa pa kutokea, chumvi ikasukuma kutoka ndani na plasta ikaanguka vipande vikubwa vikubwa na uso wa jiwe umebaki umegandana nayo. Tulipoteza fedha na tukapoteza na ukuta. Tangu hapo tukasema chochote kitakachofanywa kwenye nyumba hii kitafanywa kwa chokaa, na kwa fundi anayeijua chokaa.

Wazazi wana khofu, na hatuwalaumu hata kidogo. Sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, Beit al Ajaib, jumba la tangu 1883 ambalo kila mmoja wetu kapita mbele yake akienda Forodhani, upande wake mzima ukashuka mchana, watu wawili wakapoteza maisha, Mungu awarehemu. Baada ya pale kuna mama alikuja kumchukua mwanawe mkono kwa mkono, akatwambia mkishatengeneza nitamrudisha. Mtoto yule alikuwa anapiga dumbak vizuri mno. Mama yake leo yupo hapa, tumemwalika sie wenyewe, aje asikie tumefikia wapi.

Msimu wa mvua ukiingia kazi yetu ya kwanza asubuhi ni kupanga ndoo. Tumezipa namba, ndoo ya saba ndo ya pembeni mwa dirisha, na ala zote tunazihamishia chumba cha chini. Ala ya kanuni tunayo moja tu, ina nyuzi zaidi ya 70, tunaifunga kwa kanga mbili halafu nailoni juu, na bado unyevu ukiipata ile ngozi iliyo chini ya daraja sauti yote inashuka na mwalimu anakaa saa nzima anakaza uzi mmoja mmoja huku watoto wamekaa wanamtazama, darasa la saa mbili limebaki saa moja. Siku moja mtoto mmoja wa darasa la pili aliinua mkono akasema mwalimu, lile tone linaingia pamoja na dundo. Kweli lilikuwa linaingia! Mwalimu akaacha kufundisha akamwambia endelea kuhesabu, maana alikuwa hana la kumjibu.

Mheshimiwa, hatukukaa tukangoja. Kikundi cha vijana kimepiga kidumbak kwenye harusi nane na ada yote imeingia mfuko wa paa, hakuna aliyechukua hata nauli. Mama zetu wa mtaa wamepika urojo na mikate ya ufuta kila Ijumaa jioni, wamekaa hapo barazani wameuza, na faida wameileta ikiwa imefungwa kwenye leso na hesabu imeandikwa kwenye karatasi. Waliopita kambini zamani na sasa wako Muscat, Dar na Uingereza tuliwaanzishia grupu la WhatsApp, wakawa wanarusha mmoja elfu ishirini, mwengine laki, mmoja katuma bila jina na hatujamjua mpaka leo. Jumla mpaka jana usiku ni shilingi 4,350,000, ziko benki, anatakiwa mwenyekiti, mshika fedha na mwakilishi wa wazazi wote watatu kutia saini ndo zitoke, na daftari lipo hapa mezani yeyote analifungua.

Kazi ya awamu ya kwanza, yaani paa, mfereji, zile boriti na ukuta mmoja wa kulia, fundi na mkadiriaji wametupigia hesabu ya shilingi 18,000,000. Kwahiyo kilichopungua ni 13,650,000. Ngazi, milango na rangi tumeviacha kwa makusudi, vitangoja, maana ukipaka rangi chini ya paa linalovuja umetupa rangi. Tunajua wafadhili wengi wanapenda kitu kinachoonekana, na paa likishatengenezwa halionekani ukiwa chini, lakini tunakuomba mama uwe wewe wa kututengenezea kisichoonekana.

Kwanini tuna haraka, ni kwasababu ya msimu. Sasa hivi ni kaskazi, jua lipo, tuna Januari na Februari za kufungua paa bila khofu, Machi masika yanaanza kubisha hodi. Chokaa nayo haitaki kuharakishwa, inazimwa kwa maji halafu inalazwa, na ikishapigwa ukutani inafunikwa magunia yaliyoloweshwa ili ikauke taratibu isipasuke na jua. Ile yetu tumeshaizima tokea Septemba, pipa nne, zipo pale nyuma ya mlango, hata ukiondoka pita uitazame, imekuwa laini kama siagi. Nguvu za kubeba mawe, kuchekecha mchanga na kuteka maji tunazitoa sie, na fundi wetu mzee amekubali vijana sita wakae nae kazi nzima wajifunze, kwasababu yeye mwenyewe anasema waliobaki mjini wanaoijua kazi hii sawasawa wanahesabika kwa vidole.

Maombi yetu kwako ni matatu. La kwanza ni hizo fedha, kwa uwezo utakaojaaliwa, na utuongozee harambee fupi baada ya risala hii maana wageni wako wako tayari tumewaona. La pili, nyumba ipo ndani ya Mji Mkongwe na tangu mwaka 2000 mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, hatuwezi kugusa paa bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, michoro tumeshaipeleka, tunaomba utusaidie kufuatilia tu ili kibali kitoke kabla ya katikati ya Januari. La tatu, wapo waliotushauri tuhamie banda jipya nje ya mji na wametwambia watatujengea, tunawashukuru kwa dhati, lakini tunakuomba utusemee tubaki, hapa mtoto anashuka kwenye daladala anatembea dakika kumi kafika, na hapa ndo ukuta unaijua sauti ya udi.

Tumemaliza, mama. Atakuja sasa binti mdogo, yule wa lile tone, amebeba kipande cha boriti kilichokatwa mwezi wa Aprili, upande mmoja mzima na upande mmoja umeoza. Tunaomba ukipokee ukae nacho ofisini kwako mpaka siku utakayorudi kufungua ukumbi wa juu, siku hiyo tutakuja kukichukua wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha, ahsante sana.