Mjomba wake Agis

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua imetuzidi. Unasema Sparta, ule mji wa Ugiriki ya kale, ilikuwa kambi ya askari tu? Basi hujamsikia Agis wa Nne.

Alikuwa mfalme kijana, alitawazwa karibu mwaka 244 KK. Raia kamili walikuwa wamebaki hawazidi 700, na wenye ardhi kati yao labda 100. Waliobaki walikuwa hoi kwa madeni, hata mchango wa chakula cha pamoja uliwashinda, na kule asiyechangia hahesabiwi raia kamili. Agis akataka madeni yafutwe na ardhi igawanywe upya: mafungu 4,500 kwa Wasparta, 15,000 kwa watu wa miji ya pembezoni. Alianza kwa kutoa mali yake mwenyewe, mashamba pamoja na talanta 600 za fedha. Mama yake na bibi yake, matajiri wakubwa, wakamuunga mkono. (Mahelote, watumwa waliolima mashamba yenyewe, hawakuwamo. Usimfanye malaika.)

Sasa msikilize mjomba wake, Agesilaos. Huyu ana ardhi tele na madeni tele. Akamshauri mpwawe: mambo mawili kwa mpigo yatazua fujo, tuanze na madeni, ardhi itafuata. Hati zikakusanywa sokoni, zikatiwa moto. Wakopeshaji wanaondoka wamenuna, Agesilaos anatania kwamba hajapata kuona mwanga safi kama ule! Ameshapona deni, na shamba lake halijaguswa hata shubiri. Ardhi ikitajwa, hakosi udhuru. Kisha Agis akaenda vitani na jeshi, na aliporudi watu walikuwa wamechoka kungoja. Leonidas, mfalme mwenzake (Sparta ilikuwa na wafalme wawili kwa pamoja) aliyekuwa ameondolewa, akarudishwa.

Agis alikimbilia hekalu la Athena, akawa anatoka kwenda kuoga tu. Walioonyesha urafiki ndio waliomkamata njiani akitoka kuoga. Mwaka 241 KK alinyongwa gerezani, na mama na bibi wakafuata hapo hapo.

Leonidas akamwoza mjane, Agiatis, kwa nguvu kwa mwanawe Kleomenes, maana mjane huyo alikuwa mrithi wa mali nyingi. Yule kijana akawa anamuuliza mkewe habari za marehemu, naye anamsimulia. Hebu fikiria nyumba hiyo! Mwaka 227 KK Kleomenes, sasa mfalme, hakuita mkutano kwanza. Aliwaua waangalizi wanne kati ya watano waliokuwa wakiwabana wafalme, ndipo akagawa ardhi, yake ikiwa ya kwanza. Mimi damu ile inanitia kichefuchefu, lakini siwezi kusema hakujifunza kitu kwa Agis.

Miaka mitano baadaye Wamakedonia walimpiga kule Sellasia, kaskazini mwa Sparta, akakimbilia Misri. Hayo nitakueleza ukija, karatasi imejaa. Msalimie shangazi, na nirudishie kile kitabu changu.

Wako,
Rehema